Sindano za seli kwa paja lililochanwa na risasi

Dada, umeuliza kama sindano za seli zinaweza kuotesha upya msuli wa paja la kaka yako, ambao risasi iliuchana hapa Goma. Kwa sasa, hapana, na anayemuuzia tiba hiyo anamdanganya.

Msuli una seli zake za akiba, ziitwazo seli satelaiti, ambazo mtafiti Alexander Mauro alizieleza mwaka 1961: zimelala baina ya uzi wa msuli na utando unaoufunika, na jeraha dogo likitokea huamka, hugawanyika na kuungana kuwa nyuzi mpya. Lakini kipande kikubwa kikinyofolewa, utando huo hupotea pamoja na mishipa ya damu na ya fahamu, na kovu ndilo linalojaza pengo. Katika miaka ya 1990 watafiti waliwadunga watoto wenye ugonjwa wa Duchenne, yaani ugonjwa wa kurithi unaodhoofisha misuli, seli changa za msuli. Nyingi zilikufa mapema, zilizobaki hazikusambaa mbali na njia ya sindano, na nguvu haikuongezeka kwa kiasi cha maana. Siku hizi wanajaribu kuzipandikiza seli hizo pamoja na kiunzi cha protini, yaani kitu cha kuzishikilia zinapokua, jambo linalonipa matumaini ya kweli, ingawa bado ni utafiti.

Tafadhali fedha hizo zitumieni kwa kinezi, yaani tiba ya mazoezi ya viungo. Kituo kiitwacho Shirika la Umoja hapa mjini kinahudumia majeruhi wa namna hiyo, na goti lake likianza kukakamaa kabla ya mazoezi, kulinyoosha tena kutakuwa kazi ngumu na yenye maumivu.