Kabla hujaandika kwamba kampuni "imedumaa"

Neno la kwanza kukatwa kwa wino mwekundu kwenye kazi yangu lilikuwa "imedumaa."

Nilikuwa na miezi mitatu tu ofisini, nimerudi kutoka India na shahada ya uzamili, nikapewa kazi ya kuandika kurasa nne juu ya ONGC, kampuni ya mafuta na gesi ya serikali ya India. Nikakusanya takwimu za miaka kumi, nikachora mchoro, mstari ukalala. Mafuta ghafi yanazunguka kwenye tani milioni 20 kwa mwaka: safari hii yamepanda kidogo, safari ijayo yameshuka zaidi ya yalivyopanda. Nikaandika kwa kujiamini kabisa kwamba kampuni imedumaa. Mkuu wangu wa kitengo, mama mmoja aliyeanzia kazi kwenye maabara ya sampuli za miamba, akalikata lile neno na pembeni akaandika: "Kama wangekaa tu, huu mstari ungekuwa wapi?"

Sikuwa na jibu. Leo ninalo, na kwa kuwa kila mwaka wadogo zangu mnaokwenda kusoma mambo ya petroli India, au mnaoanza kazi kwenye gesi hapa nyumbani, mnaniuliza muanzie wapi, naona muanzie kwenye swali la yule mama.

Kisima cha mafuta kikiwa kipya husukumwa na mgandamizo wa chini ya ardhi wenyewe. Kadiri unavyotoa ndivyo mgandamizo unavyopungua, na maji yanaanza kupanda pamoja na mafuta. Mwishoni unavuta maji mengi kuliko mafuta. Ukikiacha bila kukihudumia, kila mwaka kinatoa pungufu ya mwaka uliopita. Sasa chukua mamia ya visima vya aina hiyo, vingi vina umri wa baba yako, halafu mwambie mtu asipunguze uzalishaji. Ni sawa na anayekumba maji kwenye mtumbwi unaovuja. Ukimkuta hajazama, usimwambie amekaa bure.

Mfano mkubwa ni Mumbai High. ONGC ilianza kama kamisheni ya serikali tarehe 14 Agosti 1956, ikisukumwa na waziri Keshav Dev Malaviya na kusaidiwa na wataalamu wa Kisovieti, wakati makampuni ya nje hayakuwa na imani kubwa kwamba India ina mafuta ya maana nje ya Assam, jimbo la kaskazini mashariki. Wakapata Cambay mwaka 1958, Ankleshwar mwaka 1960, kote huko Gujarat. Kisha Februari 1974 mtambo wao wa kuchoronga baharini, Sagar Samrat, ukagonga mafuta kilomita kama 160 kutoka Mumbai. Mwaka 1976 mafuta yakaanza kutoka. Kufikia 1985 eneo lile peke yake lilikuwa linatoa zaidi ya mapipa 400,000 kwa siku. Leo ni chini ya 150,000, tena baada ya miaka zaidi ya ishirini ya kuchoronga visima vipya pembeni ya vya zamani, kuingiza maji chini kurudisha mgandamizo, na kubadilisha mabomba yaliyoliwa na kutu. Mwaka 2025 wakaichukua BP, kampuni ya mafuta ya Uingereza, kuwa mshauri wa kiufundi wa kujaribu kuupandisha tena uzalishaji. Sasa ukiuona ule mstari wangu uliolala, ujue chini yake kuna huu mteremko, na kuna watu wanaoushikilia.

(Mwaka 1974 huohuo ndipo gesi ilipogunduliwa Songo Songo. Wenzetu walikuwa sokoni baada ya miaka miwili. Gesi yetu ilifika Dar es Salaam mwaka 2004. Msikimbilie kulaumu. Mafuta unayapakia melini hata kama bomba halijajengwa, ilhali gesi hujaiuza mpaka uwe na bomba na mtu wa upande wa pili wa kuichoma. Tofauti hiyo ukiielewa wiki ya kwanza, umepunguza nusu ya maswali yako.)

Mimi sikuielewa vitabuni. Niliielewa Mehsana, kaskazini mwa Gujarat, nilikopelekwa mafunzo kwa vitendo. Nilitegemea kuona minara na moto. Nikakuta mashamba ya pamba na mibarika, nyati wa maziwa wamelala kwenye madimbwi, na katikati ya mashamba hayo pampu za chuma zinazoinamisha na kuinua vichwa kama punda anayekunywa maji. Upepo ukivuma kutoka upande wa soko la Unjha, unanusa bizari nyembamba kabla hujanusa mafuta.

Msimamizi wa zamu alikuwa mzee mwembamba ambaye kila mtu alimwita Kaka. Nami nikamwita Kaka, nikijisikia nimeshakuwa ndugu. Wiki ya pili ndipo nikaambiwa kwamba kwa Kigujarati kaka ni baba mdogo. Basi mkienda, neno hilo mlitumie bila wasiwasi kwa wazee, lakini kijana wa rika lako mwite bhai.

Siku moja Kaka alichovya kijiti kwenye sampuli ya mafuta ya Balol, akakiinua. Mafuta hayakudondoka. Yalining'inia kama asali iliyoganda, meusi, hayana haraka. "Haya," akasema kwa Kihindi cha polepole ili nimfuate, "utayavuta kwa pampu?" Kwa njia ya kawaida walitegemea kutoa kama asilimia 13 tu ya mafuta yaliyomo kwenye mwamba ule, mengine yote yangebaki huko huko. Walichofanya Balol na jirani yake Santhal ni kuwasha moto chini ya ardhi. Wanasindilia hewa kwa kompresa kupitia visima fulani, sehemu ndogo ya mafuta inaungua mle mle ndani ya mwamba, joto linayalainisha yaliyobaki, na gesi za moto zinayasukuma kuelekea visima vya kutolea. Majaribio yalianza mwaka 1990, na mwaka 1997 ikawa kazi ya kibiashara. Si sehemu nyingi duniani zilizoweza jambo hilo kwa muda mrefu hivyo.

Nilisimama karibu na zile kompresa, kelele imenijaa kifuani, nikamuuliza Kaka anajuaje kwamba moto haujaenda upande usiotakiwa. Akanionyesha daftari. Kila siku wanapima joto na gesi zinazotoka kwenye kila kisima, wanaandika. Gesi zikibadilika, wanajua moto umehama. Daftari lenyewe lilikuwa na alama za vidole vyeusi kila ukurasa. Pale ndipo kilipo kile kinachoitwa ukuaji wa kampuni ya zamani, na hakuna taarifa ya mwaka itakayokuonyesha.

Tukija kwenye taarifa hizo, kuna mitego ya hesabu ambayo kila mgeni hunaswa. Mafuta India yanahesabiwa kwa tani, si kwa mapipa. Tani moja ni mapipa saba na kitu, kutegemea uzito wa mafuta yenyewe. Mwaka wao wa fedha unaanza Aprili na kuishia Machi, kwa hiyo ukiona "2023-24" usiibandike kwenye mwaka wa kalenda wala kwenye mwaka wetu wa Julai hadi Juni. Mimi nilifanya hivyo kwenye jedwali moja, na tofauti niliyoipata nikaieleza kwa sababu nzuri sana ya kiuchumi ambayo haikuwepo. Halafu kuna uzalishaji wa kampuni peke yake, na kuna uzalishaji pamoja na hisa zake kwenye vitalu vya ubia. Magazeti huchanganya viwili hivi, wewe usichanganye.

Fedha ndiyo raha yetu. Laki tunayo tayari, ni ileile ya mia elfu. Krori ni laki mia moja, yaani milioni kumi. ONGC iliponunua asilimia 51.11 ya HPCL, kampuni ya kusafisha na kuuza mafuta, Januari 2018, bei ilikuwa rupia krori 36,915. Piga hesabu: bilioni 369 na ushei. Mwenzangu wa Ulaya tuliyesoma naye alikosea sifuri mwezi mzima, mimi nikamwambia huku kwetu hata muuza mitumba anajua laki.

Lakini hiyo HPCL ina jambo zito kuliko sifuri. Aliyeuza zile hisa ni nani? Serikali ya India. Na mwenye hisa nyingi za ONGC ni nani? Serikali hiyohiyo, karibu asilimia 59. Kampuni moja ya serikali ilichota fedha zake na kukopa, ikaipa serikali, ikapewa kampuni nyingine ya serikali. Unaweza kusema ni ukuaji, maana ONGC sasa ina visima na ina viwanda vya kusafishia. Unaweza pia kusema hazina ilikuwa inaziba pengo la bajeti. Mimi nadhani yote mawili ni kweli, na la pili lilikuwa na haraka zaidi.

Ukisoma kampuni ya namna hii, muulizie mwenye mali kabla ya kuuliza mwamba. Kwa miaka mingi, hadi kama 2015, ONGC ilitakiwa kuyauzia makampuni ya kusafisha mafuta ghafi kwa punguzo, ili gesi ya kupikia na mafuta ya taa visipande bei kwa mwananchi. Fedha ambazo zingechoronga visima zikaenda jikoni kwa watu. Si ubaya, ndiyo kazi ya serikali. Ila anayekuja kulinganisha faida yake na ya kampuni binafsi bila kuandika hilo anadanganya msomaji. Gesi ya vitalu vya zamani nayo bei yake haipangwi na soko: tangu Aprili 2023 ni asilimia 10 ya wastani wa bei ya mafuta ghafi yanayoingia India, na ikawekewa sakafu ya dola 4 na dari iliyoanza na dola 6.5 kwa kila uniti milioni za joto. Kijana mwenye kichwa cha soko huria ataona kero. Aliyekaa na mama lishe anayepika kwa mtungi ataona kitu kingine.

Nje ya nchi nitapita haraka, maana kila mtu anapenda kuanzia huko na ndiko kunakodanganya zaidi. Kampuni tanzu, ONGC Videsh, ilinunua asilimia 20 ya Sakhalin-1 huko Urusi mwaka 2001 na asilimia 25 ya mradi wa Sudan mwaka 2003. Kwenye ramani inapendeza. Halafu Sudan ikagawanyika mwaka 2011, na vita vya Ukraine mwaka 2022 vikafanya gawio la Urusi likwame benki za kulekule. Karibu nasi kuna Eneo la 1 la bonde la Rovuma, Msumbiji, ambako makampuni matatu ya serikali ya India yana asilimia 30 kwa pamoja. Gesi ni nyingi, lakini shambulio la Palma la Machi 2021 lilisimamisha ujenzi kwa miaka. Ukisoma "hifadhi ya mafuta ya kampuni nje ya nchi," uliza ngapi kati yake zimewahi kufika kwenye meli.

Jambo moja sikufundishwa darasani, nililipata kwa Kaka jioni moja ya chai. Tarehe 27 Julai 2005, siku moja baada ya mafuriko makubwa ya Mumbai, kwenye meli ya huduma kule Mumbai High mpishi alijikata vidole. Mtu mmoja, vidole, kisu cha jikoni. Hali ya hewa haikuruhusu helikopta, ikaamuliwa meli isogee kwenye jukwaa la kaskazini, lile la chuma la kuzalishia mafuta, ili mgonjwa ahamishiwe kule. Bahari ya masika yao, mawimbi makubwa. Meli ikapigwa ikagonga mabomba yanayopandisha mafuta na gesi kutoka chini ya bahari, gesi ikavuja, ikashika moto. Ndani ya saa mbili hivi jukwaa zima halikuwepo tena. Watu 22 walikufa, mia tatu na zaidi wakaokolewa. Kaka hakuwepo, yeye ni mtu wa nchi kavu, lakini alikuwa na rafiki wa zamu za baharini, siku 14 ndani na siku 14 nyumbani, aliyekuwa kwenye zile siku za nyumbani.

Alipomaliza alifuta birika kwa kitambaa, akaniuliza kama nimekumbuka kuandika vipimo vya kisima cha saba. Sikuwa nimeandika. Akanipa tochi.

Kwa mnaokwenda mwaka huu: mkipangiwa Gujarat, ombeni Mehsana, msikubali kukaa ofisi za Ahmedabad kisa zina viyoyozi. Nendeni visimani kabla ya saa tatu asubuhi, mwezi wa tano jua la kule halina mzaha. Chukueni daftari la karatasi. Simu haziruhusiwi karibu na kisima. Na mjifunze kuhesabu hadi mia kwa Kihindi kabla ya kupanda ndege, maana namba zao baada ya ishirini hazifuati utaratibu wowote niliowahi kuuona.