Ukienda Křtiny, shukia Adamov utembee

Mara ya kwanza nilifika Křtiny, huku Ucheki, kwa gari. Mwanafunzi mwenzangu wa mji wa Brno ndiye aliyenipeleka. Tukaegesha chini ya kanisa, tukapiga picha nne tano, tukanywa kofola, soda ya Wacheki, tukaondoka. Jioni dada yangu akapiga simu kutoka Morogoro kuuliza nimeona nini. Nikamwambia, kanisa kubwa, kijiji kidogo. Akacheka, akikumbuka misheni ya kwetu yenye kanisa kubwa: "Sasa hiyo si Peramiho tu?"

Sikuwa na jibu. Leo ninalo, maana nimerudi huko mara sita, na kila mgeni kutoka nyumbani anayeniuliza aende wapi akishachoka na umati wa Praha, namtuma Křtiny. Sharti langu ni moja: gari aliache. Apande treni pale Brno, ashukie Adamov, safari isiyofika nusu saa, kisha afuate bonde kwa miguu hadi mwisho.

Kwanza jina, kwa sababu litakusumbua. Herufi tatu zinafuatana pale mwanzoni bila irabu hata moja, na hiyo ř hapa ni kama r na sh zimetamkwa kwa mpigo mmoja. Usihangaike, sema "Krtini" watakuelewa. Linatokana na neno lao la kubatiza. Wenyeji husimulia kwamba wamisionari watakatifu Cyril na Methodius waliwabatiza wapagani katika bonde hili karne ya 9. Hadithi ni hadithi, lakini ndiyo iliyowavuta mahujaji kwa mamia ya miaka.

Na usipaite kijiji. Mimi nilisahihishwa na bibi mmoja kituoni: hapa ni městys. Ni daraja lililo kati ya kijiji na mji, yaani mahali palipopewa haki ya kuwa na soko. Serikali ya kikomunisti iliifuta hadhi hiyo mwaka 1954, ikarudishwa 2006. Wakazi hawafiki 1,000, lakini hadhi yao wanaijua.

Sasa mwendo wenyewe. Ukitoka Adamov tafuta alama za njia zilizopakwa rangi kwenye miti: mstari wa rangi katikati ya mistari miwili myeupe. Wacheki wanazichora tangu 1889 na hazidanganyi. Utakaokutana nao njiani watakusalimia "dobrý den", yaani siku njema. Itikia. Watu hawa hawa mjini Brno hawakutazami hata kwenye lifti, lakini wakiingia msituni wanakuwa kama watu wa kwetu.

Utapita tanuru la kale la kuyeyushia chuma, kisha utafika Býčí skála, maana yake "mwamba wa fahali". Hapo simama. Eneo hili lote, Moravian Karst, ni mawe ya chokaa, na maji yamelichimba kwa chini mpaka mapango yake yamepita 1,000. Kijito kinachotoka Jedovnice kinazama ardhini karibu na kijiji cha Rudice, kinapotea kabisa, halafu kinaibukia hapa chini ya mwamba. Niliingiza mkono majini mwezi wa saba, nikautoa haraka. Baridi yake ni ya maji yasiyojua jua.

Mwaka 1869 vijana walikuta ndani ya pango hilo kisanamu cha fahali cha shaba nyeusi, kidogo cha kuenea kiganjani. Miaka mitatu baadaye daktari Jindřich Wankel akachimba na kukuta mifupa ya watu zaidi ya 40, farasi, vito, nafaka iliyoungua na zana za wahunzi, vyote vya karne nyingi kabla ya Kristo. Yeye aliamini ni mazishi ya mkuu fulani aliyezikwa pamoja na watu waliochinjwa kwa ajili yake. Wataalamu wa baadaye hawakukubaliana naye, na mabishano yanaendelea. Fahali mwenyewe yuko Vienna. Pango hufunguliwa kwa wageni siku chache tu kwa mwaka, kwa hiyo ukilikuta limefungwa usinune.

Litakalokufariji ni Výpustek, karibu na Křtiny kwenyewe. Pango hili limefanya kazi nyingi kuliko watu wengi. Dubu wa kale walifia humo, udongo wake ukachimbwa kwa ajili ya mbolea, Wajerumani wakaligeuza kiwanda wakati wa Vita Kuu ya Pili, kisha jeshi la Chekoslovakia likajenga humo makao ya siri ya kuongozea vita. Beba sweta hata kama nje kunawaka. Humo ndani joto ni kama nyuzi 8 mwaka mzima, na mimi niliingia na fulana.

Ukitokea msituni miguu inauma, kanisa linakujia ghafla kati ya vilima. Hapo ndipo nilipoelewa. Mhujaji alilitazama baada ya kutembea, na lilijengwa kwa ajili ya macho ya mtu aliyechoka. Mchoro ni wa Jan Blažej Santini, mjukuu wa fundi mawe Mwitaliano, aliyezaliwa Praha 1677. Alifariki 1723, hakuliona likikamilika. Ndani, nafasi inafunguka pande nne kama msalaba wenye mikono sawa, na juu ni kuba. Kaa kwenye benchi dakika kumi kabla ya kutoa simu.

Kisha ulizia chumba cha mifupa. Kiligunduliwa 1991, na kati ya mafuvu yaliyokutwa, 12 yamechorwa shada la majani kwa rangi nyeusi kwenye paji la uso. Niliinama kutazama moja kwa karibu: majani yamechorwa moja moja, kwa mkono usiotetemeka, na katikati kuna kitu kama herufi T. Mtu alikaa na fuvu mapajani akalipamba kwa utulivu. Nilitoka nje nikakaa kimya kidogo.

Mengine ni ya kawaida. Epuka Jumatatu, siku ambayo vivutio vingi vya Ucheki hufungwa. Jumapili asubuhi kuna misa, usiingie na kamera. Beba korona, fedha ya Ucheki, taslimu. Tiketi moja ya eneo la Brno inatumika kwenye treni na basi, hivyo unaweza kurudi kwa basi. Lakini tazama ratiba ya basi la mwisho kabla hujaagiza supu. Mimi niliagiza supu kwanza, na usiku ule nikaijua miteremko yote ya barabara ya Adamov kwa tochi ya simu.