Maji Hupwa, na Saa Yake Yajulikana

Vijana wanaomaliza chuo na kutaka kazi ya usimamizi huniuliza wasome kozi gani. Soma yoyote, cheti kiweke kabatini, kitakufaa. Ila mimi nikitafuta mtu wa kuwasimamia wenzake husikiliza jambo moja tu: siku mambo yakiharibika, neno lake la kwanza ni lipi, la kujiwajibisha au la kulaumu.

Kazi yangu ni kusimamia nyumba ya wageni hapa Lamu, Mji Mkongwe. Nyumba yenyewe si kubwa. Lakini ukimhesabu mpishi, wasichana wa vyumba, mlinzi, kijana wa mizigo na punda wake, na manahodha wa boti tunaowaita pale wageni wanapotua Manda, kisiwa cha jirani chenye uwanja wa ndege, hao ni watu wa kutosha kugombana kutwa nzima wakiachiwa nafasi.

Chukua jambo linalotokea hapa kila mara. Wageni wametua, boti imewavusha kutoka Manda, na nahodha kawaleta ngazi za mbele ya nyumba badala ya gati kubwa. Maji yamepwa. Boti inakwama, wageni wanateremka na viatu vyao kwenye tope, masanduku kichwani. Nahodha wa kwanza ukimuuliza atasema, "Maji yalikuwa madogo, mimi ningefanyaje?" Wa pili atasema, "Leo ni bamvua na nilijua. Ilinipasa niwashushe gatini." Wote wawili wamesema kweli, maana maji yalipwa na hakuna mwanadamu aliyeyaamuru. Lakini aliyekulia hapa anajua kwamba mwezi ukiandama au ukiwa mpevu maji hutoka mbali sana, na kwamba saa ya maji husogea mbele kiasi cha dakika 50 kila siku. Nahodha wa pili ametenga kilichokuwa cha bahari na kilichokuwa chake. Huyo naweza kumkabidhi watu.

Mwanasaikolojia wa Marekani, Julian Rotter, aliliandikia jambo hili mwaka 1966. Wapo wanaoona kwamba yanayowapata hutokana zaidi na matendo yao, na wapo wanaoona hutokana na bahati au na wenye nguvu kuliko wao. Kwa niliyoyaona, mtu hakai upande mmoja siku zote. Namjua mtu ambaye chomboni hulaumu upepo, maji, mashine na abiria, lakini mirathi ya nduguze aliigawa kwa haki mpaka leo anasifiwa. Kwa hiyo usimwandike mtu kuwa "hajiwajibishi" ukamalizana naye. Tazama ni katika jambo gani.

Sasa, kuiona sehemu yako hakuwezekani damu ikiwa inachemka, na hapa ndipo akili ya hisia inapoingia, yaani uwezo wa kuzisoma hisia zako na za wenzako. Nitaeleza kwa jambo la jikoni kwetu, Ramadhani moja. Alasiri imeshakwenda, mpishi amefunga, anakaanga sambusa. Kijana akaingia mbio: wageni wanne wameongezeka, wanataka chakula cha jioni saa ya futari hasa. Mpishi hakusema kitu. Aliugonga mwiko kwenye ukingo wa karai, mara mbili, akaendelea kukaanga. Msaidizi wangu alikuwa mlangoni na daftari mkononi, na nilimwona midomo imeshajiandaa. Nilijua kinachokuja: wageni ndio wanaotulipa, na kadhalika. Maneno hayo ni kweli na hayajawahi kumtuliza mtu yeyote.

Hakuyasema. Aliliweka daftari, akavuta mbuzi, akakaa juu yake na kuanza kukuna nazi iliyokuwa imepasuliwa. Alipomaliza kifuu kimoja akauliza, "Mama, umechoka au umeudhika?" Mpishi akajibu bila kugeuka: "Kuchoka sijachoka, mwanangu. Nimeudhika. Jikoni hukumbukwa wakati wa kuagiza tu."

Tofauti hiyo ndiyo iliyookoa jioni ile. Aliyechoka unampa msaidizi, ukamwambia apumzike. Aliyeudhika ukimpa msaidizi umemuongezea, kwani ataona unasema kazi imemshinda. Mama yule alitaka kuulizwa kabla wageni hawajaahidiwa. Msaidizi akamwomba radhi kwa niaba ya ofisi, wakakubaliana wageni wapewe chakula saa mbili usiku, naye akapanda juu kuwaeleza mwenyewe. Wageni hawakuwa na neno. Mara nyingi huwa hawana. Sisi ndio tunaowaogopa.

Yale mambo mawili aliyoyafanya msaidizi, kukaa na kuuliza hisia kwa jina lake, si ya kubahatisha. La kwanza Waislamu wengi tulifundishwa madrasa tukiwa wadogo: Mtume (s.a.w.) aliagiza kwamba mtu akikasirika naye amesimama, akae, na hasira isipomtoka, ajilaze. La pili limepimwa maabara. Mwaka 2007 Matthew Lieberman na wenzake wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, waliwaonyesha watu picha za nyuso zilizojaa hisia huku ubongo wao ukitazamwa kwa mashine. Walipoitaja kwa neno hisia waliyoiona, sehemu ya ubongo iitwayo amigdala, ambayo huamka haraka mbele ya tishio, ilipunguza kazi yake. Basi ukihisi kifua kimebana, jiulize ni nini hasa: hasira, aibu, wivu, uchungu, au njaa tu. Usicheke, njaa imefukuza watu kazi.

Tuje kwenye ugumu wa kwetu, ambao makala nyingi za uongozi haziugusi. Sisi watu wa Lamu tunastahi. Mtu akiudhika hatakwambia. Atasema "hakuna neno", atakwenda zake, na baada ya mwezi utasikia ameanza kazi Shela, kijiji cha jirani. Kiongozi anayesubiri kuambiwa atasubiri sana. Nimejifunza kuchunguza vitu vidogo. Aliyekuwa akiniamkia kwa jina la nyumbani sasa ananiita "bosi". Aliyekuwa akikaa kunywa chai na wenzake sasa anainywa amesimama. Nikiona hivyo simuiti ofisini, kwani kuitwa ofisini peke yake ni fedheha. Nitatoka naye kwenda sokoni, na njiani nitamuuliza habari ya kazi badala ya habari ya moyo: "Katika kazi ya juzi, lipi lingekuwa jepesi kama tungelipanga vingine?" Kwa njia hiyo hulazimiki kumsukuma aseme ameumia. Atalisema lililomuumiza akijua anazungumzia mashuka.

Kwa mtu aliyenizidi umri utaratibu ni mwingine kabisa. Nahodha tunayefanya naye kazi zaidi ni makamo ya baba yangu, nami humwita Ami. Nikiwa na jambo naye humfuata mimi, nikamkuta barazani, nikamwamkia, nikauliza hali ya nyumbani, na jambo lenyewe nikaliweka kwa kumtaka shauri: "Ami, wageni wa leo wanafika maji yakiwa nje, tuwashushe wapi?" Wapo vijana wanaoona huku ni kujidunisha. Mimi naona nikimpigia simu nikamwamuru nitapata boti, nami nitakosa kila anachokijua juu ya maji ya siku hiyo.

Kuna jambo lazima niliseme hata kama linapunguza utamu. Peter Salovey na John Mayer, walioandika makala yao juu ya akili ya hisia mwaka 1990, waliieleza kuwa ni uwezo wa kufuatilia hisia zako na za wenzako, kuzitofautisha, na kuutumia ujuzi huo kuongoza fikira na matendo. Hapo hapana neno "wema". Dalali wa viwanja husoma uso wako kabla hujafungua mdomo, akajua una haraka, una tamaa au una hofu, na bei ikapanda. Huyo ana akili ya hisia tele! Anachokosa ni kuulizwa, na yeye mwenyewe kujiuliza. Ndiyo maana siwezi kuitenga akili ya hisia na kujiwajibisha. Kenya tuna Sura ya Sita ya Katiba ya 2010, ya uongozi na uadilifu, na tunapenda sana kuwasomea wanasiasa. Sawa, wasomewe. Lakini hadithi ile ya Mtume, "kila mmoja wenu ni mchunga, na kila mmoja ataulizwa juu ya alichokichunga" haimngoji mtu apigiwe kura.

Na kujiwajibisha kuna mpaka wake. Machi 2020 ndege za abiria kutoka nje zilisimamishwa kwa sababu ya korona, nyumba za wageni zikafungwa, na nikasikia watu wazima wakijilaumu kwa kutokuwa na akiba, kana kwamba mshahara wao uliwahi kuacha kitu cha kuweka. Huko ni kujidhulumu. Wala usikubali mtu akutumie neno "wajibika" kukuziba mdomo unapodai haki. Wavuvi wa huku walipoona ujenzi wa bandari ya Lamu unawaharibia mahali pa kuvulia, walikwenda mahakamani, na mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Malindi ikaamuru wavuvi takriban 4,600 walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76. Kufungua kesi ile ndiko kulikokuwa mkononi mwao, nao wakakufanya.

Kwa anayetaka pa kuanzia, nitasema tunachofanya sisi. Pale mapokezi pana daftari la kawaida la mistari, na kila ukurasa umegawanywa kwa kalamu safu mbili. Jambo likienda vibaya, msimamizi wa zamu huandika upande mmoja kilichokuwa nje ya uwezo wetu: ndege kuchelewa, umeme kukatika, mvua. Upande wa pili huandika kilichokuwa mkononi mwetu, na cha kwanza kuandikwa kiwe chake yeye, kabla hajataja la mwenzake. Hakuna faini wala kusomewa hadharani. Msimu wa kusi, bahari ikichafuka, safu ya kwanza hujaa, na hilo halinisumbui. Safu ya pili ikikaa wiki nzima haina neno, naita kikao.