Maswali Yenu: Dodoso la Hulka Limenipa Majibu Mawili

*Shikamoo Mama. Mimi ni mwanamke wa miaka 27, mhasibu msaidizi katika kampuni moja hapa Morogoro. Mwezi Februari tulifanyiwa semina kazini, tukajaza dodoso la kupima hulka, nami nikapata herufi INFJ, nikaambiwa kuwa ni mtu wa ndani asiyependa makundi. Mwezi Juni nilijaza dodoso lilelile nyumbani, nikapata ENFJ, yaani mtu wa watu. Wakati huohuo meneja wangu, kwa kutumia karatasi ya Februari, ameniondoa katika orodha ya wanaopendekezwa kwenda dawati la wateja. Mchumba wangu naye, tangu atoke katika semina ya ndoa kanisani, anasema mimi ni melankoli na yeye ni koleriki, kwa hiyo tutasumbuana. Niamini karatasi ipi? — Mwenye Herufi Mbili, Morogoro*

Marahaba, mwanangu. Nianze na herufi, kwa kuwa ndizo zilizokutoa kwenye orodha.

Asili yake ni kitabu cha mwaka 1921 cha Carl Gustav Jung, daktari wa magonjwa ya akili wa Uswisi, aliyewagawa watu kwa namna nguvu za nafsi zao zinavyoelekea ndani au nje. Huko Marekani mama mmoja, Katharine Briggs, pamoja na binti yake Isabel Briggs Myers, walilichukua wazo hilo na kulitengenezea maswali, hasa wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, wakitumaini kuwasaidia watu kupata kazi zinazowafaa. Hakuna kati yao aliyesomea saikolojia chuoni, jambo ambalo silitaji kwa kuwadharau, maana walifanya kazi hiyo kwa bidii ya miaka mingi hadi dodoso hilo, liitwalo Myers-Briggs kwa majina yao, likachapishwa mwaka 1962. Lina jozi nne za sifa, na kila mtu hupewa herufi ya upande mmoja wa kila jozi (kwako, I ni wa ndani na E ni wa nje), ndipo zinapopatikana aina 16 za watu.

Kasoro yake kubwa ni mahali linapokata. Chukua mfano wa kimo. Ukiwapima wanafunzi wote wa shule moja, wachache watakuwa warefu kupindukia, wachache wafupi sana, na walio wengi watasongamana katikati. Sasa chora mstari ukutani, useme kila anayeupita ni Mrefu na kila asiyeufikia ni Mfupi: watu wawili waliopishana kwa unene wa kidole watapewa majina tofauti, na aliyevaa viatu vya kisigino atahama jina siku hiyohiyo. Alama za ukimya na uchangamfu husongamana katikati vivyo hivyo. Ndiyo maana, walipochunguzwa watu waliorudia dodoso hili baada ya wiki tano tu, ilionekana kwamba karibu nusu yao hubadilika angalau herufi moja. Wewe umebadilika moja katika miezi minne, na tatu zimebaki palepale. Yaelekea kwa hiyo moja umesimama karibu sana na mstari, basi. Siku ukiamka umechoka unaangukia huku, siku ukiamka na furaha unaangukia kule.

Kuhusu meneja wako nitasema kwa ufupi. Wenye dodoso hilo wenyewe hutahadharisha kwamba ni kinyume cha maadili kulitumia kuajiri au kuchuja watu kazini. Mwandikie kwa adabu ukimkumbusha hilo, kisha uorodheshe mambo uliyoyatenda: ni mteja gani aliyekuja amefura ukamtuliza, ni siku zipi ulishika dawati mwenzako alipokuwa likizo. Karatasi ya semina haina habari hizo.

Huenda utaniuliza kwa nini basi maelezo ya Februari yalikugusa kana kwamba aliyeyaandika alikuwa akikufahamu. Mwaka 1948 mwalimu wa saikolojia wa Marekani, Bertram Forer, aliwapa wanafunzi wake 39 jaribio la hulka, kisha akamrudishia kila mmoja maelezo yake na kumwomba ayape alama kati ya sifuri na tano kwa usahihi. Wastani ukawa 4.26. Ndipo akawafichulia kwamba wote walipewa maelezo yaleyale, ambayo aliyaokota katika kitabu cha unajimu cha kununuliwa mtaani: kwamba una uwezo mwingi ambao bado hujautumia, kwamba kwa nje unaonekana umetulia ilhali ndani una wasiwasi. Nani asiye hivyo? Wasomaji wetu wa safu za nyota wanaijua ladha hiyo.

Sasa huyu mchumba. Ukoleriki na umelankoli ni wa zamani kuliko Ukristo wenyewe. Matabibu wa Ugiriki ya kale waliamini kwamba mwili una maji manne, yaani damu, belghamu, nyongo ya njano na nyongo nyeusi, na Galen, katika karne ya pili, akaendeleza fundisho kwamba yakizidi au yakipungua hubadili afya na tabia: aliyezidiwa na nyongo nyeusi ni melankoli, mtu wa huzuni na mawazo mengi, na aliyezidiwa na nyongo ya njano ni koleriki, mwepesi wa hasira. Elimu hiyo ilipita kwa Waarabu ikafika hadi pwani yetu, na ndiko tulikopata neno *mizaji*, yaani hulka ya mtu. Hata *safura*, ambayo leo tunaijua kuwa maradhi ya kuishiwa damu, ni jina la Kiarabu la ile nyongo ya njano. Tiba ya kisasa iliyaacha maji manne zamani sana. Majina yake yalirudi makanisani kwa kishindo baada ya mwaka 1966, mchungaji wa Marekani Tim LaHaye alipoyaandikia kitabu. Sikatai kwamba mazungumzo ya semina hizo huwafanya wachumba wakae chini na kuulizana mambo ambayo wasingeulizana, na hilo lina faida yake. Lakini kuahirisha ndoa kwa sababu ya nyongo nyeusi, mwanangu, ni kupoteza muda wa watu wawili. Muulize ni jambo gani hasa ulilotenda likamkwaza, na lini, mzungumze hilo.

Wanasaikolojia wengi wa leo hawatumii majina ya aina. Hutumia vipimo vitano, na katika kila kimoja mtu huwa mahali fulani kati ya kidogo na kingi: uchangamfu, upole kwa wengine, umakini katika wajibu, wepesi wa kutikisika moyo, na hamu ya mambo mapya. Vilipatikana kwa kuchambua maneno ambayo watu hutumia kuelezana, kazi ambayo Allport na Odbert waliianza kwa kupekua kamusi ya Kiingereza na, mwaka 1936, kutoa orodha ya maneno karibu 18,000. Hapo napenda kuongeza tahadhari inayotuhusu. Watafiti walipofanya kazi ya namna hiyo kwa Kimaa, lugha ya Wamasai wa Kenya na Tanzania, na kuchapisha matokeo mwaka 2020, vile vitano havikujitokeza vizuri kama kwa Kiingereza. Wema na mwenendo wa mtu mbele ya wenzake ndivyo vilivyochukua nafasi kubwa. Dodoso lililozaliwa katika lugha nyingine linaweza kukuuliza jambo ambalo kwetu halina jibu moja.

Jaribu swali hili: "Je, wewe hunyamaza mbele za watu?" Mswahili aliyelelewa hawezi kulijibu kabla ya kuuliza, watu gani? Mbele ya mama mkwe nanyamaza, na nikisema sana nitasemwa. Jikoni na mashoga zangu wakati wa kuchambua mchele wa shughuli, sauti yangu inafika barabarani. Ukijaza dodoso ukiwa ofisini, bosi amekaa meza ya mbele, utamjibia yule anayenyamaza. Ukijaza nyumbani umejilaza, utamjibia yule wa jikoni. Nashuku hii ndiyo habari nzima ya Februari na Juni. Ukimya wa haya ni malezi. Hulka uitafute kwingine, katika yale yanayokuchosha na yanayokuchangamsha.

Fanya hivi kwa wiki mbili. Nunua daftari dogo, na kila usiku kabla ya kulala uandike mistari mitatu: leo nilikuwa wapi na nani, nilifanya nini, na nilipoondoka nilijisikiaje. Usiandike kwamba wewe ni mtu wa namna gani. Andika "nimekaa saa tatu kwenye kikao cha vikoba, nikarudi nyumbani naimba", au "nimekaa saa tatu kwenye kikao cha vikoba, nikapitiliza kitandani bila kula". Baada ya siku 14 yasome yote kwa mkao mmoja. Kisha chukua maswali yaleyale ya dodoso uwape watu wawili, mmoja unayeishi naye na mmoja wa kazini, wakujibie wewe. Mtafiti Simine Vazire alionyesha mwaka 2010 kwamba mtu hujijua kuliko rafiki zake katika mambo ya ndani, kama vile wasiwasi, lakini katika yale ambayo kila mtu angependa kusifiwa nayo, kama vile akili, rafiki zake humwona vizuri zaidi kuliko anavyojiona mwenyewe. Mkihitilafiana kuhusu wasiwasi wako, jiamini wewe. Mkihitilafiana kuhusu ubunifu wako, sikiliza.

*Kijana wangu wa miaka 17 amemaliza kidato cha nne. Je, dodoso la hulka litatusaidia kumchagulia tahasusi? — Baba wa Tanga*

Ndugu yangu, kwa hilo hulka haitawasaidia sana, kwani wapo madaktari wakimya na madaktari wachangamfu, na wote hutibu. Kinachofaa kuulizwa ni mapendeleo. Mmarekani John Holland alianza mwaka 1959 kuyapanga mapendeleo ya kazi katika makundi sita: kushika vifaa kwa mikono, kuchunguza, kubuni sanaa, kuhudumia watu, kuongoza na kuuza, na kupanga kumbukumbu. Mwulize kijana makundi mawili yanayomvuta, mtazame matokeo yake ya mtihani, kisha mpelekeni kwa siku mbili tatu akakae na fundi, mfamasia au karani wa mahakama. Naye achague mwenyewe, ninyi mkiwa kando.

*Kuna jaribio la bure kwenye simu, lakini kabla ya kutoa majibu linataka namba yangu ya simu na ruhusa ya kuona orodha ya marafiki zangu. Niendelee? — Msomaji, Mombasa*

Usiendelee. Mwaka 2014 watu waliojaza jaribio la hulka kwenye Facebook walifungua mlango bila kujua, na taarifa za hadi watu milioni 87 zikaifikia kampuni ya Cambridge Analytica. Jambo hilo lilifichuka mwaka 2018, na katika siku hizohizo mmoja wa wakuu wake alirekodiwa kwa siri akijigamba kwamba waliendesha kampeni za uchaguzi wa Kenya za mwaka 2013 na 2017. Ukitaka maswali ya bure yasiyodai chochote, iko hazina ya zaidi ya maswali 3,000 iliyoanzishwa na mwanasaikolojia Lewis Goldberg, inayoitwa IPIP, ambayo yeyote anaruhusiwa kuitumia. Maswali yake unaweza kuyanakili kwenye karatasi, ukayajibu kwa kalamu, simu yako ikiwa imezimwa.