Hita ya maji kwa nyumba ya Dodoma: anza na maji yenyewe

Ndugu yangu, umeuliza uchukue hita gani kwa nyumba yako mpya ya Nkuhungu yenye watu watano: shawa ya umeme inayochemsha papo hapo, hita ya tangi, au hita ya jua. Nimezitumia zote tatu hapa Dodoma, na jambo lililoniamulia mwishowe ni lile ambalo hakuna muuzaji aliyeniuliza, yaani maji yangu yakoje na yanatoka siku zipi.

Maji ya mji wetu kwa sehemu kubwa hutoka visima virefu vya Mzakwe, katika bonde la Makutupora, na baadhi yetu tumechimba visima vyetu wenyewe. Ni maji magumu, ambayo sabuni huchelewa kutoa povu ndani yake na birika la umeme huota ukoko mweupe baada ya wiki chache. Ukoko huo ni chokaa inayojitenga na maji yanapopata moto, na ndani ya hita huganda juu ya koili, yaani kile chuma kinachopasha maji, mpaka joto likose njia ya kuingia kwenye maji, koili ikaungua kwa joto lake yenyewe. Shawa yangu ya kwanza haikumaliza mwaka. Niliamini nimeuziwa bandia, nikanunua nyingine ya bei ya juu, nayo ikafa vilevile. Fundi alipoifungua ndipo nilipoiona koili imevikwa chokaa, na kijia chembamba cha maji kimekaribia kuziba kabisa.

Shawa hizo zina shida nyingine mbili. Ile ya kilowati 5.5 huvuta takriban ampea 24, kwa hiyo inahitaji waya wake peke yake usiopungua milimita 4 za mraba na breka yake, wala si kuunganishwa kwenye waya wa taa kama nilivyokuta kwenye nyumba niliyopanga. Pia huhitaji msukumo wa maji, ambao simtanki iliyokaa juu ya mnara mfupi haiutoi.

Kwa hali yako ningechukua hita ya tangi ya lita 50 yenye koili ya kilowati 1.5. Ukiyapasha maji mpaka nyuzi 60 na kuyachanganya nusu kwa nusu na maji ya bomba yenye nyuzi 20, unapata lita 100 za nyuzi 40, ambazo ni ndoo kubwa moja kwa kila mtu nyumbani kwako. Kazi hiyo huchukua saa moja na nusu hivi na hula uniti 2.3, kwa hiyo ukiifanya kila siku utafika karibu uniti 70 kwa mwezi. Kama upo katika kundi la wateja wa TANESCO wasiozidi uniti 75, hita itakutoa humo, na kila uniti itakugharimu zaidi. Sisi huiwasha Juni hadi Agosti, alfajiri inaposhuka hadi nyuzi 13 au 14 na upepo ukivuma. Miezi ya joto huizima kabisa.

Unaponunua, mwombe muuzaji akuoneshe koili inavyofunguliwa na kama inapatikana peke yake dukani. Uliza pia fimbo ya magnesiamu, ambayo huliwa na kutu badala ya tangi. Mimi huita fundi kila Mei, anafungua, anakwangua chokaa na kuangalia fimbo imebaki kiasi gani. Usiipandishe hita kupita nyuzi 60, kwa maana chokaa huganda haraka zaidi maji yanapokuwa moto zaidi. Wala usiishushe sana, kwa sababu bakteria hustawi katika maji ya uvuguvugu.

Hita ya jua ndiyo niliyoipenda kuliko zote, kwani jua letu halikosekani hata kipupwe. Iliniharibikia kwa sababu ya mgao. Maji yalikatika, mirija ya kioo ikabaki mikavu juani, na yaliporudi mchana, maji ya baridi yaliingia kwenye kioo chenye moto mkali na mirija minne ikapasuka. Ukiitaka, itengee tangi la akiba lisilotumika kwa kazi nyingine, ielekeze kaskazini ambako jua hupita Juni na Julai, na ikikauka ijaze alfajiri tu.

Hita yoyote utakayochagua, bomba la maji ya moto liwe la PPR, plastiki inayostahimili joto, maana PVC ya kawaida hulegea. Na kabla mtoto hajaingia kuoga, fundi umeme aipime ethi ya nyumba, yaani njia ya kupeleka ardhini umeme unaovuja, kwa kipimo, asikwambie tu kwamba waya upo. Ardhi yetu hukauka sana wakati wa kiangazi, na nondo ya ethi iliyofanya kazi vizuri wakati wa masika inaweza isifae Septemba.