Ukishachukua Gunia la Kwanza

"Kaka, nifundishe yale maneno ya kumlegeza mteja mpaka atoe hela bila kujijua." Ujumbe huo nilitumiwa Jumatatu na kijana anayeuza viatu vya mtumba Mlango Mmoja. Nilimjibu haraka haraka, kwa majigambo, na usiku sikulala vizuri. Basi jibu lenyewe ni hili.

Mimi nauza dagaa Mwaloni, pale Kirumba, hapa Mwanza. Kuna mwaka biashara ilinikalia vibaya, nikawa nashinda na simu natazama video za ushawishi. Huko ndiko nilikokutana na Milton Erickson, daktari wa akili wa Marekani aliyezaliwa mwaka 1901 na kufariki 1980. Alikuwa bingwa wa hipnosisi, yaani kumtia mtu kama usingizini kwa maneno, lakini hakumwambia mgonjwa "lala!" kama wale wa majukwaani. Alipiga soga tu, akitia hadithi hapa na neno pale, na mgonjwa akajikuta amebadilika. Miaka ya 1970 Wamarekani wenzake wawili, Richard Bandler na John Grinder, walikaa kumchunguza anavyoongea, wakayapanga maneno yake kama mapishi. Mengi yanayouzwa leo kwenye semina yametokea hapo.

Kilichoninasa ni kisa cha ndama. Erickson alikulia shambani. Siku moja ya baridi alimkuta baba yake akimvuta ndama aingie bandani, na ndama kakaza miguu. Mtoto akazunguka nyuma, akamshika mkia, akamvuta atoke nje. Ndama kwa ubishi wake akaenda mbele, akamburuta mpaka ndani. Mimi Msukuma niliyechunga ng'ombe Magu nikasema, huyu mzungu ni mwenzetu kabisa.

Nikaanza kutafsiri maneno ya kwenye video. Nilimwambia mteja mmoja wa Shinyanga: "Kadiri unavyoendelea kupumua, unaweza kugundua kwamba unawataka hawa dagaa." Akanitazama. Akauliza kama naumwa.

Hapo ndipo nilipogundua kitu ambacho video hazikunifundisha: Kiswahili kina mitego yake yenyewe. Chukua hiyo "ukisha". "Ukishachukua gunia la kwanza, la pili nitakupunguzia." Kuchukua kumeshapita, hakuna aliyeuliza kama anachukua, tunajadili la pili. Au "Nikufungie manne au sita?" Au unaanza na mambo matatu asiyoweza kuyabishia: umetoka mbali, jua kali, mbalamwezi imewaka wavuvi wamepumzika, "kwa hiyo dagaa wiki hii ni wa kugombania." La nne linapita mlango uleule wa yale matatu. Au unamsingizia mtu: "Kuna mama mmoja alisita kama wewe, kesho yake akarudi mbio." Bibi zetu wanavaa kanga za mafumbo tangu zamani, sisi tunalipia semina.

Na ilifanya kazi, sitawadanganya. Mzigo uliokuwa unakaa wiki ulikuwa unaondoka kwa siku mbili. Nikawa natembea Mwaloni kifua mbele, vijana wananiita mwalimu.

Kisha masika. Mzigo wangu mmoja ulinyeshewa ukiwa umeanikwa mchangani, dagaa wakageuka rangi. Wa namna hiyo sokoni tunajua wanakokwenda, kwenye chakula cha kuku. Lakini alikuja mama mmoja wa Geita, mteja wangu wa tangu enzi za kupanga foleni ya kivuko pale Kigongo, kabla ya daraja. Alitaka magunia mawili. Nikamwanzishia: "Mama, ukishawafikisha Geita utaniambia mwenyewe. Nikufungie manne au sita?" Akachukua sita. Kwa kuniamini hakutafuna hata mmoja, yeye ambaye kila siku hutafuna dagaa mmoja na kumtema ndipo aulize bei.

Alirudi baada ya siku kumi, bila hasira. Akaweka dagaa kiganjani mwangu, mchanga unadondoka. "Mwanangu, siku ile ulinisemesha kama mganga. Niliondoka hapa sijui nimekubali saa ngapi." Akahamia kizimba cha jirani, hatua sita kutoka kwangu. Kila akipita ananisalimia "mwangaluka", na mimi naitikia. Inaniuma mpaka leo, tena jirani mwenyewe hajui hata kupanga maneno!

Sasa kijana wangu, nisikilize vizuri. Watu waliokwenda kwa Erickson walikwenda wenyewe, wanaumwa, wanataka msaada. Mteja wa viatu hajaja kutibiwa. Na jambo ambalo wauza semina hulipitia juu juu ni hili: Erickson akiwa na miaka 17 alipooza kwa polio, akalala kitandani hana la kufanya ila kuwasikiliza na kuwatazama dada zake. Akagundua kwamba mtu anaweza kusema "hapana" huku anamaanisha "ndiyo". Alianza na sikio, maneno yakafuata. Wewe unataka kuanza na maneno, kama nilivyofanya mimi. Tumia "ukisha" kwa kiatu ambacho ungemvalisha mdogo wako. Kikiwa kimepasuka soli, sema kimepasuka soli. Usimwekee mtu chaguo la mawili wakati la tatu, la kuondoka, ndilo linalomfaa. Mungu anaona, na Mwanza ni ndogo kuliko unavyodhani.

Wiki iliyopita mbalamwezi ilikuwa kubwa, mzigo adimu, na jirani aliishiwa. Yule mama akasimama kwangu. Nikamwambia: "Shikamoo mama. Hawa ni wa chanja, wale wa kule wamepigwa na mvua." Nikafunga mdomo. Akatafuna mmoja, akatema, akatafuna wa pili. Akachukua sado moja, akalipa, akaenda kukaa kwenye benchi la jirani kusubiri mzigo wake.