Swali la lugha: "Acha klachi" au "achia klachi"?

Msomaji wa Nyakato, Mwanza, anajifunza kuendesha gari la gia za mkono. Anaandika: "Mwalimu mmoja ananiambia 'acha kilachi', mwingine 'achia kilachi taratibu', wa tatu 'toa kilachi'. Nikiuliza, wanasema yote ni yale yale. Ni kweli? Na hiyo 'kubalansi' klachi na mafuta wanayoisema, haina Kiswahili chake?"

Si yale yale, na tofauti yake mguu utaijua kabla ya sarufi.

Kuacha ni kukata jambo: acha kelele, ameacha kazi, nimeacha simu mezani. Mwanafunzi akiambiwa "acha klachi" naye akatii neno lenyewe, atanyanyua mguu mara moja. Hapo presha pleti (bamba linalosukumwa na springi) inaibana pleti ya klachi kwenye flaiwili, yaani gurudumu zito linalozungushwa na injini, kwa ghafla, na injini iliyokuwa ikizunguka kama mara 800 kwa dakika inabebeshwa uzito wa gari zima ambalo bado limesimama. Ikizidiwa, inazima. Ikimudu, gari linaruka mbele na abiria wanatikisika shingo. Huyo mwanafunzi asikaripiwe, kwa sababu amefanya alichoambiwa.

"Achia" ina kiambishi -i- cha kutendea, ila hapa hakielezi kumfanyia mtu jambo kama katika "niachie funguo kwa jirani". Kimeshapata maana yake: kukiruhusu kitu unachokizuia kiende. Fikiria mvuvi pale Mwaloni, Kirumba, aliyeshika kamba ya mtumbwi. Ukimwambia "acha kamba", ataiweka chini ashughulike na mengine. Ukimwambia "achia kamba", atailegeza ipite viganjani huku akiisikia inavyovuta. Pedali ya klachi ndivyo ilivyo. Inasukumwa juu na springi, haihitaji kuvutwa. Kazi ya mguu ni kuizuia isipande kwa pupa. Kwa hiyo "achia" ndilo neno lenyewe.

"Toa klachi" liache gereji. Kwa fundi maana yake ni kushusha gia boksi na kuifungua klachi. Kwa dereva sema "toa mguu kwenye klachi", tena baada ya gari kuwa tayari linakwenda.

Mwalimu wako wa pili anaongeza "taratibu", na neno hilo lina uzito kuliko "polepole". Polepole ni habari ya mwendo tu. Taratibu ni ndugu wa "utaratibu": ndani yake mna mpangilio, hiki kwanza, kile baadaye. Na klachi inataka mpangilio hasa. Kanyaga klachi mpaka mwisho, weka gia namba moja, ongeza mafuta kidogo mpaka mshale wa mizunguko ukaribie 1,500, kisha achia mpaka inaposhika. Utapajua: mlio wa injini unazama kidogo na boneti inataka kunyanyuka. Hapo mguu utulie sekunde moja au mbili. Gari likishaanza kutambaa ndipo unaachia sehemu iliyobaki. Wengi hukosea hapohapo: wanasikia gari limejongea, wanafurahi, wanang'oa mguu, nalo linazima. Kuachia polepole toka chini hadi juu bila kutulia mahali pa kushika hakusaidii sana. Umekwenda polepole lakini hukwenda taratibu.

Hiyo -po- ya "inaposhika" inafurahisha. Ni ya mahali na ni ya wakati pia. Kwenye pedali, inaposhika ni mahali, nawe unapatafuta kwa kisigino kilichoegemea sakafu. Kwenye gari linaloondoka, inaposhika ni wakati wa kuongeza mafuta. Kiambishi kimoja kinabeba yote mawili, na dereva anayahitaji yote mawili.

Kuhusu "kubalansi", ukitaka neno la kuandika, tumia "kuwianisha": klachi ikipanda, mafuta yanaongezeka kwa kiasi chake. "Kusawazisha" kutakupotosha, maana pedali mbili hizo haziwi sawa hata mara moja. Ila ndani ya gari endelea na "kubalansi". Limeshazoea sarufi yetu kama "fikiri" na "jibu": nabalansi, sikubalansi, wakibalansi.

Kwenye mwinuko mkali kama wa kupanda kilima cha Bugando, tumia hendibreki. Ivute, achia klachi mpaka inaposhika, ongeza mafuta, ukiona gari linataka kwenda ndipo uishushe. Kulishikilia gari mlimani kwa nusu klachi, pedali ikiwa pale inaposhika, huku foleni haisogei kunaiteketeza pleti. Ukisikia harufu ya kuungua, ndiyo hiyo. Hapo fundi atakuambia klachi "inateleza", yaani injini inavuma na gari haliongezi mwendo.

Na tuandike "klachi", bila -i- ya katikati. Ukiandika "kilachi", macho yatadhani ni ki-/vi-, kama "kitabu" kilivyotoka Uarabuni kikapata "vitabu". Lakini hakuna anayesema "vilachi viwili". Ni klachi hii, imeisha, klachi mbili.

Jambo moja hukuuliza, lakini litakusaidia kesho ukikaa kwenye usukani. Kukanyaga ni kutia uzito wa mguu, ndiyo maana "kanyaga klachi" na "kanyaga breki" yamekaa sawa. "Kanyaga mafuta" ni amri ya kukimbia. Mwombe mwalimu wako akuambie "gusa mafuta", na wewe uguse kwa vidole vya mguu tu.